Kukopa Hela Yako Mwenyewe

Mtu anaweza kutua Marekani akiwa hadaiwi na yeyote, na usafi huo ukawa shida yake ya kwanza. Akitaka kupanga nyumba, mwenye nyumba anaulizia alama yake ya kredi na kukuta patupu. Akitaka gari la mkopo, maana katika miji mingi ya huko asiye na gari hafiki kazini, muuzaji anamtajia riba ambayo jirani yake mwenyeji hajawahi kuisikia. Kampuni ya umeme nayo inadai dhamana kabla ya kuwasha taa. Hakuna anayemtuhumu kwa lolote. Hajulikani tu, na asiyejulikana hutozwa kama mtu hatari.

Mkenya atalishangaa jambo hili kuliko wengine. Tangu mikopo ya simu iliposhamiri, M-Shwari mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019, "kuwekwa CRB" kumekuwa na maana moja mtaani: ulikopa, hukulipa, jina limeingia kwenye orodha. Kisheria CRB, yaani kampuni za kumbukumbu za mikopo, hupokea hata habari njema za mkopaji, lakini nani huzungumzia habari njema za CRB? Basi anayetoka Nairobi hufika akiamini kwamba asiyekuwemo kwenye orodha yu salama. Huko aendako, asiyekuwemo ndiye anayefungiwa milango, na ushauri anaopewa kila anapouliza ni ule ule: kachukue kadi ya kredi yenye dhamana. Ushauri huo ni mzuri kwa watu wa aina fulani na mbaya kwa wengine, na wanaoutoa mara nyingi hawasemi nani ni nani.

Ili kuwajua, tuanze na anayeandika madeni. Dukani kwa Mangi, muuza duka wa mtaani, deni huandikwa kwenye daftari, na anayekopeshwa ni yule ambaye Mangi anamjua kwa sura, anajua anakoishi na siku anayopokea mshahara. Marekani daftari limeshikwa na kampuni tatu zisizomjua mtu: Equifax ya Atlanta, ambayo ilianza mwaka 1899 kwa jina la Retail Credit Company, TransUnion ya Chicago, na Experian. Mabenki huzipelekea habari za wateja wao kila mwezi. Kisha hesabu za kampuni nyingine, FICO, huyageuza maandishi hayo kuwa namba moja. FICO ilianzishwa mwaka 1956 na mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac, na mwaka 1989 ikatoa alama ya jumla ambayo mpaka leo huenda kuanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ya alama hiyo hutokana na kulipa kwa wakati, 30 na kiasi unachodaiwa, 15 na umri wa akaunti zako, 10 na maombi mapya ya mkopo, na 10 zilizobaki na aina za mikopo uliyonayo.

Mshahara haumo katika hesabu hiyo, wala akiba. Daktari mwenye dola 50,000 benki asiyewahi kukopa nchini humo hana alama, na mfagiaji aliyelipa kadi yake vizuri kwa miaka mitatu anayo nzuri. Kuna haki ya aina yake hapa, na haikuja bure. Kabla ya sheria ya mwaka 1974 iliyokataza ubaguzi katika ukopeshaji, mwanamke wa Kimarekani mwenye kazi yake aliweza kuambiwa na benki alete saini ya mumewe. Namba haiulizi mume. Tatizo la namba ni kwamba haiwezi kusema lolote juu ya mtu ambaye hajaandikwa: FICO inahitaji angalau akaunti moja yenye umri wa miezi sita, na iliyotolewa taarifa ndani ya miezi sita iliyopita, ndipo ianze kupiga hesabu.

Kadi yenye dhamana imebuniwa kwa ajili ya pengo hilo. Unaipa benki, tuseme, dola 200. Benki inazifungia na kukupa kadi yenye kikomo cha dola 200. Ukinunua kitu, unakopa. Stetimenti, yaani taarifa ya deni la mwezi, inakuja, unalipa kutoka mfukoni au kwenye akaunti yako ya kawaida. Zile 200 za mwanzo haziguswi. Hapa ndipo wageni wengi hukwama: hudhani dhamana ndiyo inayolipa bili, kama salio la simu linavyoliwa na dakika, wakaacha stetimenti ipite. Dhamana huchukuliwa siku benki inapokata tamaa nawe na kufunga akaunti, na wakati huo jina limeshaharibika. Kosa jingine linalofanana na hilo ni kudhani kadi ya benki ya kawaida, au ile ya kuweka hela kwanza na kuzitumia mpaka ziishe, inajenga kredi. Haijengi, kwa sababu hakuna deni la kuripoti.

Kwa ufupi, unakopa kwa kivuli cha hela yako mwenyewe ili watu watatu usiowajua waandike kwamba ulilipa. Ukiitazama hivyo, kadi hii ni malipo ya kuandikwa, na sifa zote nyingine zinazotangazwa pembeni yake ni mapambo. Swali la kwanza kwa benki liwe: mnapeleka taarifa kwa kampuni zote tatu? Ikiwa jibu ni moja tu au "tutaangalia", ondoka. La pili: dhamana yangu inarudi lini? Capital One, kwa mfano, hupitia upya akaunti baada ya miezi sita hivi, na mteja aliyelipa vizuri anaweza kurudishiwa dhamana na kubakishiwa kadi ile ile bila dhamana. Kadi nyingine hazina ngazi ya kupandia; utabaki na hela yako imefungwa mpaka uifunge akaunti mwenyewe.

Namna ya kuitumia ina hesabu yake, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kinachoripotiwa kwa kawaida ni deni linaloonekana siku stetimenti inapofungwa. Mtu mwenye kikomo cha dola 200 akinunua vyakula vya dola 180, hata akizilipa zote wiki mbili baadaye, kampuni zile zitaona amekula asilimia 90 ya kikomo chake, na alama itashuka kana kwamba amebanwa na maisha. Wataalamu husema ubaki chini ya asilimia 30, na walio na alama za juu huwa chini ya 10. Asilimia 30 ya dola 200 ni dola 60: kujaza mafuta mara moja tu kwa wengi. Ndiyo maana kadi hii haifai kuendeshea nyumba. Weka juu yake bili moja ndogo isiyobadilika, kama ya simu, uiagize benki yako iilipe stetimenti yote kila mwezi yenyewe, kisha kadi ikae kabatini. Ukilazimika kununua kikubwa zaidi, lipa kabla stetimenti haijafungwa. Na usikose usingizi kwa sababu ya asilimia hizi: katika alama nyingi zinazotumika leo, deni lililojaza kikomo mwezi huu halikumbukwi likishashuka mwezi ujao. Zina uzito mwezi ule unaoomba mkopo wa gari au nyumba.

Kuchelewa ndiko kunakokumbukwa. Siku moja baada ya tarehe ya mwisho benki inaweza kukutoza faini. Siku 30 baadaye inaweza kupeleka habari kwenye daftari, na habari hiyo hukaa miaka saba. Sheria inailazimisha benki kukupelekea stetimenti angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa, kwa hiyo muda upo. Anayebadili nyumba kila baada ya miezi michache, kama wageni wengi wanavyofanya, asitegemee barua.

Kuna uzushi mmoja unaotembea katika magrupu ya WhatsApp ambao umewatoa watu hela nyingi: kwamba ukiacha deni kidogo bila kulipa kila mwezi alama hupanda haraka. Si kweli. Kubakiza deni hakuongezi chochote kwenye alama. Kunaongeza riba tu. Kadi za namna hii nyingi hutoza zaidi ya asilimia 25 kwa mwaka. Anayebakiza dola 200 kwa riba ya asilimia 28 analipa karibu dola 5 kila mwezi kwa kukopa hela ambazo ni zake, zilizolala benki hiyo hiyo. Biashara mbaya kuliko hiyo ni vigumu kuibuni.

Kwa Waislamu wa pwani, na kwa Wazanzibari na Wasomali wa Kibantu walioko huko, suala la riba si la hesabu peke yake. Anayelipa stetimenti yote kila mwezi halipi riba hata senti, na wako mashekhe walioruhusu kadi kwa sharti hilo. Wengine wanakataa, kwa hoja kwamba kutia saini mkataba wenye kifungu cha riba ni kosa hata kama kifungu hakitatumika. Huu si ubishi wa mwandishi kuumaliza, ila anayefuata rai ya pili anahitaji njia nyingine, na zipo, nitazifikia.

Sasa nani anafaidika? Ofisi ya serikali ya kulinda wateja wa fedha, CFPB, mwaka 2015 ilikadiria kwamba watu wazima milioni 26 nchini Marekani hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya kredi. Idadi hiyo imenukuliwa kila mahali, ingawa ofisi hiyo baadaye iliirekebisha na kuishusha sana. Kwa watu hao, na kwa mgeni aliyetua jana, kadi inafanya kazi yake sawasawa: daftari lilikuwa tupu, sasa lina mstari, na mstari wote ni mzuri. Ndani ya mwaka mmoja wengi hufikia alama ya kuombea kadi ya kredi ya kawaida.

Kwa ambaye kredi yake imeshaharibika, mambo ni tofauti, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapodanganya. Mwaka 2016 Larry Santucci, mtafiti wa tawi la Benki Kuu ya Marekani lililoko Philadelphia, alichunguza soko la kadi hizi akaona kwamba waliodumu na kadi zao kwa miaka miwili walipanda kwa kiasi cha wastani, na wale ambao akaunti zao zilifungwa walishuka. CFPB nayo mwaka 2020 ilitoa utafiti wa bidhaa ndugu ya hii, mkopo mdogo wa kujengea kredi, ikakuta kitu kinachopaswa kusomwa mara mbili: wasiokuwa na deni lolote walinufaika, na waliokuwa tayari na madeni hawakunufaika, baadhi yao wakaanza kuchelewesha mikopo ya zamani kwa sababu mpya ulikula nafasi yake. Mtu anayedaiwa gari, kodi na hospitali haponywi kwa kuongezewa tarehe nyingine ya kulipa. Dola 200 za dhamana zingemsaidia zaidi zikienda kwenye deni linalokaribia siku 30.

Kadi haifuti lililoandikwa. Malipo yaliyochelewa hukaa miaka saba, na kufilisika chini ya Sura ya 7 hukaa miaka kumi. Kinachotokea ni kwamba mistari mizuri inaongezeka na ile mibaya inazeeka, na mfumo huipa ya zamani uzito mdogo. Kwa hiyo anayetaka kurekebisha aanze kwa kusoma daftari lake, bure, kwenye AnnualCreditReport.com, ambako sasa kila kampuni inatoa ripoti kila wiki. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipochunguza ripoti hizi iliona mwaka 2013 kwamba mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa katika angalau ripoti moja. Wakimbizi wana sababu ya ziada ya kuangalia. Wengi wao waliandikiwa Januari 1 kuwa tarehe ya kuzaliwa, na watu wawili wenye jina linalofanana na tarehe hiyo wanaweza kuchanganywa. Ukipinga kosa, sheria ya mwaka 1970 inaipa kampuni siku 30 kwa kawaida kulichunguza. Kufanya hivyo ni bure, na hakuhitaji wakala.

Mawakala wenyewe wapo, na wengine wanazungumza lugha yetu. Sheria ya mwaka 1996 inamkataza anayeuza huduma ya kurekebisha kredi kuchukua malipo kabla ya kazi kumalizika, na inakupa siku tatu za kuvunja mkataba. Anayedai chake mwanzoni amevunja sheria tayari. Mbaya zaidi ni anayekuuzia namba mpya ya tarakimu tisa uitumie badala ya ile ya Social Security ili "uanze upya". Ukiijaza kwenye fomu ya mkopo umefanya udanganyifu, na kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinasubiri, hiyo ni hatari kubwa kuliko alama mbaya.

Ada pia zichunguzwe. Jimbo la South Dakota liliondoa ukomo wa riba mwaka 1980, Citibank ikahamishia huko biashara yake ya kadi mwaka uliofuata, na tangu hapo jimbo hilo limekuwa makao ya kadi za kila namna, pamoja na moja iliyowahi kutoza asilimia 79.9. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2009 kwamba ada za mwaka wa kwanza zisizidi robo ya kikomo cha kadi, lakini ada zinazochukuliwa kabla akaunti haijafunguliwa zilifaulu kuponyoka kupitia mahakamani. Kadi yenye dhamana isiyo na ada ya mwaka inapatikana kwa urahisi. Anayelipa ada ya kufungua, ya mwezi na ya mwaka kwa kadi ya dola 200 anaibiwa kisheria.

Kuna kundi moja la wasomaji wa Kiswahili ambalo lina daftari bila kujua. Wakimbizi wa Kongo, ambao kwa miaka kadhaa nchi yao iliongoza orodha ya waliopokelewa Marekani kabla ya mpango huo kusimamishwa Januari 2025, walisafirishwa kwa tiketi za mkopo usio na riba kutoka Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Waliutia saini kabla ya kupanda ndege. Marejesho huanza miezi sita baada ya kufika, kwa kawaida kupitia shirika lililowapokea, na taarifa zake zinaweza kupelekwa kwenye kampuni za kredi. Familia kubwa hudaiwa maelfu ya dola. Aliyelipa kila mwezi ana mwanzo mzuri tayari, na huenda hahitaji kadi ya dhamana hata kidogo. Aliyeidharau barua ile kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza ameanza maisha na mstari mbaya. Kabla ya kutoa dola 200 kwa benki yoyote, mkimbizi aulize kwanza mkopo wa tiketi umeandikwaje.

Njia nyingine ni kadhaa, nyingine nyepesi. Ndugu mwenye rekodi safi anaweza kukuongeza kama mtumiaji wa kadi yake, na historia yake ikaonekana kwako. Akichelewa yeye, nawe utaumia, na undugu pia. Experian ina huduma ya kuhesabu bili za simu na umeme, lakini inagusa ripoti yake peke yake. Mkenya mwenye rekodi nzuri nyumbani anaweza kuitumia kuombea kadi ya American Express kupitia kampuni ya Nova Credit. Tanzania na Kongo hazimo. Asiye na namba ya Social Security aulize vyama vya akiba na mikopo na mabenki yanayokubali namba ya mlipakodi, ITIN.

Iliyo bora kwa maoni yangu ni ile tunayoijua tangu zamani. Mission Asset Fund ya San Francisco, chini ya José Quiñonez, tangu mwaka 2008 imekuwa ikiweka upatu kwenye maandishi: watu kadhaa wanachanga kila mwezi, mmoja anapokea, riba hakuna, na kila mchango unaripotiwa kwa kampuni za kredi kama rejesho la mkopo. California ikautambua mtindo huo kwa sheria mwaka 2014, na mwaka 2016 Quiñonez akapewa tuzo ya MacArthur. Hakuna hela inayolala benki, hakuna kifungu cha riba kwenye mkataba, na wanaokusukuma kulipa ni watu unaowajua.

Kinachoudhi ni kwamba mama wa Kikongomani mjini Louisville au Dayton anacheza likelemba, upatu wa kwao, kila mwezi, Mkenya wa Minnesota hajakosa mchango wa chama miaka mingi, na wote wawili wanalipa kodi ya nyumba tarehe moja, na hakuna hata shilingi ya uaminifu huo inayohesabiwa. Kisha wanaambiwa wafungie dola 200 ili wathibitishe kwamba wanaweza kulipa bili ya simu. Kadi ya dhamana inafaa kwa anayeanza bila deni, kwa mwaka mmoja, bila ada. Lakini viongozi wa jumuiya zetu, badala ya kualika wauza kadi kwenye mikutano, waende kwenye vyama vya akiba na mikopo vya miji yao na mashirika yaliyowapokea wakimbizi, wakiwa na orodha za wachangiaji wa upatu wao, wakadai michango hiyo iandikwe.